Ngumi Ofisini kwa Aspinall

Clive Hesketh hakuwa mtu wa kupigana. Nasema hivyo kwa sababu hapa mjini Bolton kila anayesimulia kisa kile humfanya jambazi, na wengi wao hawakuwepo. Mimi Doreen nilikuwepo, nikipanga kaseti kwenye maboksi ghorofani, juu ya duka la mazulia. Kampuni yetu ilikuwa ikitunga michezo ya kompyuta za nyumbani na kuiuza kwenye kaseti. Mwenye kampuni, Norman Aspinall, aliwahi kuwa bondia, na ubondia haukumtoka. Nilishamwona akimbamiza mpiga chapa ukutani kwa sababu ya rangi ya karatasi.

Clive alitunga mchezo wa wachimba makaa ya mawe karibu mwaka mzima, akila chipsi na siki papo hapo mezani. Hata kuoga tulimkumbusha. Hakuwa na kingine duniani. Asubuhi moja ya Novemba majalada ya kaseti za mchezo ule yakaletwa, na jina la mtunzi likawa Gary Aspinall. Gary ni mpwa wa bosi. Kazi yake kuchemsha chai, na chai yenyewe ilimshinda.

Clive alikusanya kaseti zote za kampuni zenye mchezo ule, akazimwaga sakafuni, akazikanyaga kwa buti mpaka utepe ukatoka kama matumbo ya samaki. Mchezo ukabaki ndani ya kompyuta yake tu, na kompyuta za enzi zile ukizima umeme zilisahau kila kitu. Akatia kaseti mpya kwenye kinasa sauti, akaanza kuuhifadhi ili aondoke nao.

Aspinall akaingia, akaona sakafu.

"We mbwa! Umefanya nini?"

"Subiri nimalize, mzee. Halafu utaniona kisogo."

"Kisogo? Utatoka hapa kwa machela!"

Ngumi ya kwanza ilimvunja pua. Clive akaikumbatia meza. Ikaja ya pili, ya tatu, damu ikaruka mpaka kwenye maboksi yangu. Gary, aliyeingia nyuma ya bosi, akakimbilia soketi ya umeme.

"Usiguse waya, bwege!" bosi akafoka. "Ikizima tumekwisha wote!"

Basi akawa anampiga kwa hadhari, ngumi za mbavu, meza isitikisike.

"Norman, utaua mtoto wa watu!" nikapiga kelele.

"Funga mdomo, Doreen! Panga kaseti zako!"

Nikamtwanga ufagio wa mgongo. Akanisukuma kwa kiwiko, nikaangukia maboksi. Nilimchukia siku ile, na namchukia hadi leo, ingawa yumo kaburini.

Jino la Clive lilidondoka juu ya vitufe. Hakuachia. Mwishowe kioo cha kompyuta kikaonyesha kuwa kazi imekwisha, naye akacheka, mdomo umejaa damu.

"Tayari, mzee. Sasa njoo."

Akaing'oa kompyuta na waya zake zote, akamtandika nayo bosi usoni. Nilisikia taya likivunjika. Akampiga tena na tena, mpaka kompyuta ikapasuka vipande vipande, bosi akalala chini akikoroma, na Gary yuko kwenye ngazi analia.

Clive akaninyooshea mkono.

"Dada Doreen, nipe kaseti yangu."

Kinasa kilikuwa kimeangukia upande wangu, kaseti bado inazunguka kwa betri. Kurekodi ni lazima ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja, cha kucheza na chekundu cha kurekodi. Cha kucheza kilikuwa kimeshuka. Chekundu kilikuwa juu; utepe haukunasa kitu.

Nikaitoa, nikampa. Akaifuta damu kwa shati, akaitia mfukoni, akakaa juu ya maboksi kuwangoja polisi, anatabasamu.