Jiwe Ndani ya Kikombe

Chakula kilipoanza kunikwama kooni, hata uji, daktari wa hapa Butembo alitaka kuiona njia yenyewe. Alisema ikiwa imeziba, nitapasuliwa. Nilitoka kwetu Vulamba kwa pikipiki, sijala kitu, nikimshukuru Mungu kwa uzima uliobaki.

Fundi wa radio, yaani mpiga picha za ndani ya mwili, aliyetumwa kutoka mkoa mwingine, alinipa mfuko mdogo wa unga mweupe. Mkono wangu ukashuka.

"Iko nzito, eh? Ni jiwe, mzee. Barite. Banaipondaka. Juu ya ule buzito, mwangaza ya mashine hainapita. Bale banachimbaka petroli banaimwangaka mu shimo, gaz isiruke. Hata plâtre, ile lipu ya hizi kuta, iko nayo."

"Na mu tumbo?"

"Hainayeyuka. Inatoka vile iliingia. Kama ingeyeyuka, ingekuuwa."

Nikavaa kanzu ya hospitali, iliyo wazi mgongoni. Fundi akaenda kwenye mashine yake. Mlango ukafunguka, akaingia muuguzi na kikombe cha unga ule uliokorogwa kwa maji: mke wa mwanangu mkubwa. Nilijua anafanya kazi kwenye wodi ya uzazi. Siku hiyo alimshikia mwenzake zamu. Kwetu, mke wa mwana haingii hata chumba anacholala baba mkwe. Na mimi nilikuwa pale, miguu mitupu, nimeshika kanzu kwa nyuma.

Akainamisha kichwa. "Tata, munywe."

"Weka pale, mama. Toka."

"Lakini Tata, inafaa kunywa mara moja, juu..."

"Toka!"

Akatoka. Kabla ya kunywa nikasali, na kwa aibu ile nikasali kirefu, mpaka moyo ulipotulia. Kinywaji kilipita kama maji ya chokaa.

Fundi akapiga picha, akaja amekunja uso. "Mzee, ulikunywa nini? Mu picha hakuna kitu!" Akainamisha kikombe. Jiwe lote lilikuwa limezama, limegandamana chini. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naomba."

"Mungu alikungoja. Jiwe hapana."

Kisha nikamsikia kwenye koridori: "Unaacha mugonjwa peke yake? Unajua kazi, ao hujui?"

"Munisamehe, chef," mke wa mwanangu akamjibu kama mkubwa wake. Hakusema kwamba nilimfukuza. Mimi, ninayewafundisha wachumba kanisani kusema ukweli, nikakaa kimya juu ya kitanda.

Mke wa mwanangu alirudi akiingia kinyumenyume, uso ukutani, akikoroga kikombe kipya bila kusimama. Akanyoosha mkono nyuma. "Sasa, Tata."

Nikanywa kile kitu kizito hadi mwisho.

"Njia iko," fundi akasema baadaye. "Ndogo, lakini jiwe lilipita. Daktari atakupanulia bila kukupasua."

"Mungu asifiwe," akasema yule aliyekuwa bado akiuangalia ukuta.

Hapo ndipo nikaweza kusema: "Chef, huyu hakukosa. Ni mimi nilimufukuza. Ni bibi ya mutoto yangu."

Fundi akacheka mpaka akashika meza. "Mzee, mbele ya hii mashine hakuna bukwe!"

Mke wa mwanangu hakucheka. Alichukua kikombe, akatoka bila kugeuka. Mpaka leo akiniletea chakula, tunazungumza habari za wajukuu tu.