Shimo Kwenye Mguu wa Furaha

Harufu ya sambaza wakavu ndiyo iliyotuamsha kila asubuhi pale Gihundwe. Maman aliwaanika uani, akawajaza kwenye beseni, akavuka daraja la mpakani kwenda kuwauza Bukavu, upande wa Kongo. Samaki wale wadogo wa ziwani ndio waliotulipia nyumba na shule, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kutia hata mmoja mdomoni. Sisi tulikula ugali wa muhogo, viazi vitamu na ndizi. Maharage ya msimu ule yalikuwa bado shambani, lakini tulishiba, hatukulalamika.

Mdogo wangu Furaha, wa miaka miwili, alikuwa ameachishwa ziwa kwa sababu Maman alikuwa mjamzito. Mashavu yake yakaanza kujaa. Majirani wakapiga makofi: "Mama Furaha, huyu mutoto ananenepa kweli!" Maman alitabasamu kwa fahari, na mimi nikajivunia pia, mjinga mimi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtoto mnene hataki kucheza, anashinda amekunja uso, na nywele zake zinageuka rangi ya kutu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Wiki ile mwalimu wa biolojia alitufundisha molekuli kubwa zinazojenga viumbe. Wanga, alisema, ni mnyororo mrefu wa sukari. Protini ni mnyororo wa vipande vya aina nyingine kabisa, na mwili hauwezi kujenga nyama kwa sukari peke yake. Akadondosha iodini kwenye kipande cha muhogo, kikageuka cheusi. Huo ni wanga, akasema. Kisha akatueleza habari za mtoto aliyekosa protini: anavimba, nywele zinabadilika, na ukibonyeza mguu wake, shimo linabaki. Nikaiona sura ya Furaha. Nilitoka darasani na kichupa cha iodini mfukoni, nimekiiba, wala sikujali.

Nyumbani nilibonyeza mguu wa Furaha kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Nikahesabu hadi kumi, bado lipo. Nikadondosha iodini kwenye makombo ya sahani yake: ugali mweusi, kiazi cheusi, ndizi nyeusi. Nikajaribu sambaza mmoja. Tone lilibaki na rangi yake ya kahawia: huyu hakuwa wanga.

Nikachota konzi nzima kutoka kwenye beseni, nikaanza kutwanga. Maman akaingia.

"Wee! Unafanya nini na samaki ya kuuza?"

"Ni ya Furaha, Maman. Iko na bwaki."

Kofi lilinifikia kabla sijafunga mdomo. Bwaki, ule ugonjwa wa watoto wanaovimba kwa lishe mbovu, Maman alikuwa ameuona kwenye kambi ya wakimbizi tuliporudi kutoka Kongo, na aliapa hautaingia kwake. "Bwaki ni ya batoto ba mu kambi! Wangu anakula, anashiba!"

Niliogopa, lakini nilimwogopea Furaha zaidi. Nikamshika Maman mkono, nikakiweka kidole chake juu ya mguu ule. "Bonyeza, Maman." Akabonyeza, akaondoa. Shimo likabaki. Akabonyeza mguu wa pili.

"Yesu wangu," akasema polepole. Akamfunga Furaha mgongoni, na mimba yake mbele, akatoka pekupeku kwenda kituo cha afya. Beseni lilibaki uani, kuku wakala sambaza siku nzima.

Walimlaza Furaha majuma matatu, wakimnywesha maziwa kidogo kidogo. Uvimbe ulipoisha ndipo tulipomwona mwenyewe: ngozi na mifupa. Huyo ndiye mtoto tuliyekuwa tukimsifu unene. Maman alilia kwa sauti mbele ya wagonjwa wote.

Leo Furaha ana watoto wawili. Mimi nafundisha biolojia Kamembe, na iodini yangu nainunua. Kwa Maman, sambaza hupikwa kwanza, kinachobaki ndicho kinachouzwa. Wajukuu wakija likizo, hasemi karibu. Anapiga magoti kwa shida, anabonyeza mguu wa kila mmoja kwa kidole gumba, anaangalia. Wao hucheka, wakidhani bibi anawatekenya. Ngozi ikirudi, ndipo anawasalimia.