Siku Niliposhindana na Daftari la Mzee Damiani

Jamani, aibu hii nimeibeba peke yangu vya kutosha, leo naitua hapa mcheke mmalize. Mimi ni mwalimu wa kompyuta, sekondari moja ya Kihonda, ndiye mlezi wa klabu ya sataranji, na kwa mdomo wangu huu (mama alishasema utaniponza) niliwatangazia wanafunzi kwamba Mzee Damiani akija nitamfunga mapema twende tukanywe soda.

Sasa huyo Mzee Damiani si mtu wa mchezo. Mzaliwa wa Uluguru, akaenda Ulaya kusoma hesabu zama zile kompyuta moja inajaza chumba, akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuifundisha mashine kucheza sataranji, kwa kutoboa matundu kwenye kadi, tundu moja likikosewa unaanza upya. Siku hizi amestaafu, analima karoti huko juu mlimani, na programu yake yote ameinakili kwa mkono kwenye kaunta buku. Mkuu wa shule alimwalika kwa sababu mzee alikuwa anatafuta mtu wa kumwachia hilo daftari, na wote tulijua mtu mwenyewe ni mimi, ilimradi aridhike nami.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo huchezi na mimi, unacheza na daftari."

Basi, ukumbi umejaa, kila zamu yake mzee anafungua kurasa, anajumlisha alama kwa penseli, na kile daftari linachosema ndicho anachocheza, hata kikiwa kibaya. "Mimi nisingecheza hivi," anacheka, "lakini ndivyo nilivyoagiza." Nilivutiwa mpaka nikasahau kucheza, na nilipokumbuka nilikuwa nimeshapoteza farasi. Nafungwa na karatasi, mbele ya kidato cha pili!

Nikaomba ruhusa niende chooni. Kule nikatoa simu, nikaiuliza programu yake ya sataranji nicheze nini, ikanipa jibu, nikarudi nikacheza. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu niliporudi nikasogeza malkia, mzee akaweka penseli chini. "Mwalimu, tumbo?" Na mimi, badala ya kusema hapana, nikashika tumbo.

We! Si mnajua watu wetu kwa pole. Ukumbi mzima "pole mwalimu", matroni akaja na jagi la mwarobaini, glasi ya kwanza nikanywa machozi yananitoka, ya pili akanishikia kidevu, mkuu wa shule anapiga simu ije bajaji ya kunipeleka zahanati, mwanafunzi mmoja kasimama anaongoza dua (nzuri tu, ila ndefu), na mimi katikati nimeinama kwa ugonjwa ambao sina, ingawa baada ya ule mwarobaini ulianza kuja kweli.

Mzee akasimama, akawanyamazisha. "Mchezo ni sare. Na ile hatua yake ya malkia, huku anaumwa hivi, mimi nimeitafuta miaka yote sikuiona." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniwekea daftari mapajani. "Sasa naweza kupumzika."

Wallahi ningeweza kunyamaza. Lakini mzee alikuwa amefurahi mno, nikashindwa.

"Mzee, nisamehe. Sikuiona mimi. Ni simu."

Matroni akatua jagi. Nikasubiri nitukanwe, mzee akanyoosha mkono tu: "Nionyeshe." Akaishika simu, akairudia ile hatua, akaitazama, akaitazama tena, uso ukamchanua kama babu aliyeletewa mjukuu. "Kumbe waliotufuata wamezifikisha mashine huku!" Akasahau kabisa kama nipo. Nilimpenda sana mzee yule saa ile, na mimi mwenyewe nilijichukia.

Halafu akalichukua daftari mapajani kwangu, taratibu, akalirudisha kwenye mfuko wake. "Hili limefungwa mara nyingi, mwalimu, na halijawahi kudanganya. Njoo mlimani ufungwe na wewe kwanza."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Angenigombeza ningeona nafuu. Sasa kila Jumamosi nipo kwake, simu naiacha nyumbani, nafungwa, na nawaapia jamani, hata nikibanwa kweli sinyanyuki kitini mpaka mfalme wangu aanguke.