Sauti ya Gwamaka Niliyoikimbiza

Mwanangu, tangu uniletee kompyuta yako nikufundishe kuchanganya muziki, siku moja ya Ilomba imekataa kunitoka kichwani. Acha nikusimulie kabla hatujagusa kitu.

Kazi hii nilifundishwa na rafiki yangu Gwamaka, mimi kijana wa Mlandege niliyeishia darasa la saba. Alipenda progressive house, ule muziki unaopanda taratibu kama lori la mzigo kwenye mlima Kitonga. Alikuwa akiniambia, "Biti ni miguu, kii ni koo. Miguu ikienda sawa huku makoo yanagombana, huo ni ugomvi wa sokoni." Miguu niliielewa, maana kompyuta huandika mapigo kwa dakika. Koo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umesimamia, sikulielewa, na sikuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona aibu, nikabaki na ujinga wangu.

Kisha Gwamaka akafariki, kwa homa ya siku chache tu. Siku ya kuondoa matanga, nyumbani kwao Ilomba, mama yake, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, akaniomba jambo moja: amsikie mwanawe katika wimbo wa kwaya aliojirekodi akiuimba, ukiwa juu ya muziki alioupenda.

Wimbo ule ulikuwa na mapigo mia na kumi. House ilikuwa na mia ishirini na nne. Nikauongeza wimbo mwendo mpaka namba zikalingana, nikafurahi, nikawasha spika.

Ikatoka sauti nyembamba, kama ya mtoto anayefukuzwa.

"Gwamaka huyo au panya?" akasema binamu yake. Watu wakacheka.

Mama hakucheka. "Nani huyo anaimba?"

"Gwamaka, mama."

"Huyo simjui."

Nikatazama skrini, nikamtazama yeye. Kichwa kikajaa ukungu kama Uyole asubuhi. "Lakini mama, mbona namba ziko sawa?"

"Umemkimbiza mwanangu mpaka koo limepotea. Mrudishe alivyokuwa. Hiyo ngoma yako ndiyo imsubiri."

Ndipo nikaelewa kidogo: ukiongeza mwendo, koo nalo linapanda, ukipunguza, linashuka. Kulikuwa na kitufe cha kulishikilia koo lisihame, nami sikukijua.

Nikamrudisha Gwamaka kwenye mia na kumi, nikaishusha house imfuate. Mama akaketi karibu, mdomo umefungwa, akiivumisha puani noti ya kuanzia ya mwanawe, nami nikijaribu muziki mmoja baada ya mwingine. "Huo hapana." "Na huo hapana." Wa nne ukapatana na noti yake. Aliingia na sauti ya pili chini ya sauti ya Gwamaka, wakaimba mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ndaga," asante ya Kinyakyusa, akainuka kwenda kuosha vyombo.

Sikudanganyi, mwanangu, mpaka leo mengine yananichanganya. Skrini husema kii zinapatana, sikio linakataa, na sijui kwa nini. Hapo hulifuata sikio. Nakusihi: linganisha mapigo, kisha fumba macho usikilize makoo, yakigombana, tafuta wimbo mwingine. Penye sauti ya mtu, muziki ndio umfuate. Mwenda pole hajikwai. Na usichokijua, kiulize wakati anayekijua yupo. Mimi ninayo mengi ya kumuuliza Gwamaka.

Mungu akujalie sikio tulivu, na rafiki zako akutunzie uwaulize mpaka uzeeni. Haya, washa kompyuta.