Keki Yangu Ilirudi Nzima Kutoka Ukweni

Wapendwa, admin amekubali kunifichia jina, kwa hiyo nitasema yote. Nina miaka ishirini na saba, naishi Nchelenge, nauza bani na skonzi karibu na soko la Kashikishi. Baba ni Mbemba wa hapa hapa, mama katoka Pweto, upande wa Kongo, ndiyo maana Kiswahili ninacho. Nawaandikia nikiwa na hasira, na anayetaka kuniambia nipoe apite tu, asipoteze bando lake.

Nina mchumba. Ni Mkongo, wazazi wake wanalima Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi. Skonzi zangu ndizo zilitukutanisha. Alikuwa anapakia samaki kwenye magari ya wachuuzi, na asubuhi anakuja kwangu na chai yake kwenye kikombe cha plastiki, anakula mpaka anaona aibu kuongeza nyingine. Hakuwahi kuniuliza nimechanganya nini. Nikasema huyu nimempata.

Sasa, kwetu Wabemba, kabla ya ndoa upande wa msichana hupika vyakula vya kila aina na kumpelekea mwanaume, aonyeshwe moto atakaopikiwa. Tunaita icilanga mulilo. Bibi harusi anabaki nyumbani, wanaokwenda ni wanawake wakubwa, na kwangu aliyeongoza ni shangazi, dada wa baba. Walibeba nshima, yaani ugali, kuku, samaki, uyoga, maharage, na mwisho keki. Hiyo keki niliioka mwenyewe, sikuruhusu mtu aguse hata kijiko. Sina oveni. Ni sufuria kubwa, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, halafu unakaa hapo kuisikilizia harufu isije ikaungua. Ilipanda vizuri hadi mama akacheka.

Walirudi mapema mno. Shangazi akaweka keki mezani, nzima, ndani ya kitenge kilekile nilichoifungia. Kumbe chakula kingine mama mkwe alikula vizuri tu. Keki ilipofunuliwa ndipo akarudisha mkono. Akamwambia shangazi, "Kuku minaona ni kuku. Hii kitu, ndani yake haionekane. Kwetu mwenye kuleta njo anaonjaka kwanza. Onja, mama."

Wengine mtaona ni jambo dogo. Kwetu, kumwambia mtu aliyeleta chakula cha ndoa aonje mbele ya watu ni kumwita mchawi. Shangazi aliifunga keki, akainuka, na wanawake wote wakainuka naye.

"Banatuita balozi, bachawi, mu nyumba yabo," shangazi akaniambia alipomaliza kusimulia. "Na wewe njo unaenda kuzaa mule?"

Mnajua nilifanya nini? Nilimtetea yule mama. Nilimwambia shangazi kwamba ile ni desturi ya kwao, kwamba watu waliokimbia vita wana hofu zao, kwamba hakujua anatukana. Nikasema ngoja mwanaume aje mwenyewe, atayamaliza.

Akaja kesho yake mchana. Nilifurahi kumwona, mjinga mimi. Nikamkatia kipande kizuri, cha katikati, nikamwekea kwenye sahani. Akakiangalia. Akasema ameshiba. Nikamwambia huyu mtu ninayemjua mimi hajawahi kushiba skonzi. Akacheka kidogo, lakini mkono wake ukabaki pale pale kwenye goti.

"Skonzi unauzishaka batu bote," akasema. "Kila mutu anakula. Hii ulipika juu yangu miye peke yangu. Mama anasema kitu banapika juu ya mutu mumoja, anafaa kujichunga nayo. Bon, usikasirike. Anza wewe."

Anza wewe. Mwanaume niliyemfulia nguo, aliyelala hospitali na malaria nikamlisha uji kwa mkono huu.

Nilimega. Nikatafuna mbele yake, nikameza, nikafungua mdomo aangalie vizuri. Nilifanya kwa hasira, nikidhani ataona aibu na kunizuia. Hakunizuia. Alingoja. Alikuwa ananitazama koo. Nilipomaliza kumeza akachukua kipande chake, akala chote, akaongeza kingine, akasema ni tamu sana. Halafu akapumua kama mtu aliyemaliza kazi ngumu, akasema sasa atakwenda kumwambia mama yake kwamba nimeonja, maneno yaishe.

Na kwake yameisha kweli. Mama yake ametuma salamu, ananiita binti yangu, anasema ndoa iendelee, ila siku ya harusi niwe naonja kidogo kila kitu kabla ya watu wao. Mchumba anasema ni kuonja tu, kuna shida gani? Mama yangu mzazi anasema hakuna mwanaume asiye na lake, nikubali, watanizoea. Shangazi ameapa kwamba nikikubali hatakanyaga harusini, na kwetu harusi bila shangazi ni aibu tupu. Jumapili nyumba zote mbili zinataka jibu langu.

Msiniandikie nivumilie, neno hilo limenichosha masikio. Na msiniambie kwamba kila kabila lina mambo yake, hayo nilishayasema mimi kabla yenu, nikimtetea. Mama mkwe ningeweza kumsamehe, hanijui. Lakini huyu ananijua. Na bado nampenda, hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Kwa hiyo ninyi mlio kwenye ndoa, nijibuni kabla ya Jumapili: mwanaume anayekaa anatazama koo lako, anangoja aone kama utakufa ndipo naye ale, huyo unalala naye vipi kitanda kimoja?