Karatasi Tatu Chini ya Mlango Wetu, Kamalondo

Karatasi ya kwanza niliikuta chini ya mlango siku ileile niliyopeleka fomu ya kuomba nafasi ya kazi.

Maneno machache, herufi kubwa, rangi ya zambarau: MUTOTO YA KASAI, UKIENDA ILE EXAMEN, HAUTARUDIA. Yaani nikienda kwenye mtihani, sitarudi.

 Ndugu zangu, nilikaa palepale kwenye simenti.

Kabla sijaendelea: Kiswahili changu ni cha Lubumbashi, halafu uzeeni nimehamia Kigoma kwa mwanangu, kwa hiyo kimechanganyika. Msinicheke. Naitwa Lucien, nina miaka themanini na minne, na kisa hiki nimewahi kumsimulia mtu mmoja tu.

Ilikuwa Julai 1961. Katanga imejitenga na Kongo, mji wetu bado unaitwa Élisabethville. Sisi wenye asili ya jimbo la Kasai, hata tuliozaliwa palepale mtaani Kamalondo, ghafla tukawa wageni. Jirani uliyekua naye anakusalimia huku anaangalia pembeni. Bajandarme, askari wa Katanga, walikuwa wameweka bariyeri, kizuizi cha kukagua watu, kwenye barabara ya kwenda mjini, na kuna watu walifika pale hatukuwaona tena. Hilo halikuwa uvumi.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, nasoma kemia. Kampuni moja ya shaba ilitafuta wanafunzi wa kufundishwa kazi ya maabara, kisha wapelekwe Ubelgiji. Wawili tu. Nafasi ile niliitaka mpaka nilikuwa naiota. Mtihani ulikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, mjini.

Karatasi ya pili ilikuja siku profesa aliponipa barua ya kunipendekeza. Ya tatu ilikuja siku fundi aliponikabidhi suti.

Hapo nikanywea kabisa. Mtu huyu anajua kila hatua yangu. Na ile zambarau! Kwetu mihuri yote ya serikali ilikuwa zambarau. Nikasema basi, ni serikali yenyewe inaniandikia.

Nikawa sisomi tena. Nafungua daftari, naona bariyeri. Mambo niliyoyajua kama jina langu yananipotea. Nikaanza kujiambia kwamba hata hivyo nisingeshinda, kwamba mwaka huu hakuna atakayemchukua Mukasai. Hofu ina akili jamani, inakutafutia sababu za heshima.

Rafiki yangu Paulin alisoma darasa moja na mimi, na nafasi ileile aliiomba. Alikuwa Muluba wa kaskazini ya Katanga, ambako watu wake walikuwa wanapigana na serikali hiyo, naye alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Tena kemia mimi ndiye niliyekuwa namfundisha. Nilimwonyesha zile karatasi. Akazisoma zote tatu, akanirudishia.

"Miye naenda," akasema. "Bakinikamata, banikamate paka na suti yangu." Kwa Kiswahili chetu paka maana yake ni tu, si mnyama.

Jumatatu alinipitia saa moja asubuhi. Nilimwambia tumbo linaniuma. Alinitazama sana, kisha akaenda peke yake.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na baba yangu Godefroid, karani wa reli kwa miaka ishirini na sita. Mama alikuwa ameshafariki. Siku ile baba alinichemshia chai kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Nilikaa dirishani nikimsubiri Paulin. Niwaambie ukweli mchafu: sehemu moja ya moyo wangu ilitaka asirudi, ili mimi nionekane nilikuwa na akili.

Alirudi saa kumi jioni. Kwenye bariyeri walimpekua, wakamtukana, wakamwacha apite. Akasema ofisini wameita jina langu mara tatu, na kwamba wakubwa wangekuwepo mpaka Jumatano. Wananingoja.

Nikaamua kwenda, ila Jumanne nzima niliipoteza nikijipa moyo. Jumatano niliamka alfajiri nijiandae. Baba alikuwa mezani amenipa mgongo, kipande cha karatasi mbele yake. Nikamwita, akageuka.

Midomo yake na ulimi wake vilikuwa zambarau.

Makarani wa reli walikuwa na kalamu ile ambayo unailamba kwanza ndipo iandike zambarau. Nilikuwa nimeiona mkononi mwake tangu utotoni, na sikuwahi kumfikiria yeye. Nilimuuliza tu kwa nini.

Aliifunika ile karatasi kwa kiganja. "Unakumbuka ile siku bazungu balikuya hapa?"

Nilikumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa ameomba ile karatasi ya kuhesabiwa kuwa mtu mweusi aliyestaarabika, na tume ikaja nyumbani kumpima. Walikagua choo. Walihesabu uma na visu. Walimuuliza mama tunalalaje.

"Balifungua hata sufuria ya mama yako," akasema. "Kisha bakasema hapana, majirani bote banasikia. Mwaka muzima sikuinua kichwa. Bajandarme, mutoto yangu, unaweza kubakimbia. Ile haya haikimbiwe. Sikutaka ikuingie na weye."

Nilivaa suti nikatoka.

Kwenye bariyeri jandarme alichukua kadi yangu, akakawia pale palipoandikwa kabila. Pembeni lilisimama lori limejaa watu waliokamatwa. Jasho lilinishuka mpaka kwenye soksi. Mwenzake akamwita kumwomba kiberiti. Akanirudishia kadi bila kunitazama.

Ofisini karani alifungua jalada. Jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Akaniambia kwamba kwa alama zangu za chuo na barua ya profesa, walitaka tu kuniona sura. Lakini mji ulikuwa unachafuka, mkubwa akaogopa, akafunga jalada jana jioni. Paulin amechukuliwa, na mwingine pia.

"Ungekuja jana tu," akasema.

Nilirudi Kamalondo kwa miguu. Baba alikuwa mlangoni na shati jeupe, midomo ameisugua mpaka imevimba. Hakuthubutu kuuliza. Nikamwonea huruma, na hasira yote ikaniisha.

"Balinikatalia, papa," nikamwambia. "Sababu niko Mukasai. Hata ningeenda siku ile ya examen, ingekuwa paka vile."

Baba akashusha pumzi, akaketi, akaomba chakula. Alikufa mwaka 1969 akiamini hivyo.

Wiki chache baadaye tulikuwa tumekimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, chini ya mahema, na maelfu ya wenzetu. Vita vilipoisha nikawa mwalimu. Kila aliyeniuliza kwa nini sikufanya kazi ya maabara nilimpa jibu lile nililompa baba. Mke wangu, wanafunzi wangu, watoto wangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka ishirini na saba, na mwishowe hata mimi niliuamini uongo huo.

Sasa sikieni. Mwaka 1988 binti yangu Laurentine alimaliza masomo ya kemia, wa kwanza darasani. Kampuni ya shaba ilikuwa inatafuta mtu. Nikamuuliza amepeleka barua lini. Akacheka, akasema hatapeleka, watu kama sisi hawatuchukui, ni kujiaibisha bure.

Nikakasirika. Nikamuuliza nani amemjaza upuuzi huo.

"Ni weye, papa," akasema. "Tangu niko mutoto."

Nilimsimulia yote siku ileile, mpaka na ile midomo ya babu yake. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole kama huu nao ni uongo wa kumtia moyo.

Barua hakupeleka.

Vijana mnaojiandaa na kazi, bariyeri zipo, sitawadanganya, na nyingine zina bunduki. Lakini nendeni mkazione kwa macho yenu, msikae nyumbani na zile mlizosimuliwa. Na sisi wazazi, tukishindwa, tuwaambie watoto kwamba tulishindwa.