Maneno ya Ukingoni mwa Nyumba

Walimwita Bwana Upenu, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa mapaa, na hakukubali kuezeka nyumba ambayo paa lake halikutokeza vya kutosha nje ya ukuta. "Nyumba isiyo na upenu ni kama mtu asiye na nyusi," alikuwa akisema. "Jasho lote linamwingia machoni." Watu walicheka, naye akaongeza jingine. Mdomo wake haukuwa na likizo.

Kiharusi hakikumkuta juu ya paa. Kilimkuta kitandani akivaa viatu. Mkewe aliingia akamwona ameinama, kiatu mkononi, upande mmoja wa uso umelegea. Hospitalini waliokoa roho yake. Maneno hayakurudi.

"Mama, mzungumzishe mambo aliyoyapenda," muuguzi alishauri.

Basi kila asubuhi mama huyo, mshonaji asiyependa kulia mbele za watu, alimkokota mumewe hadi uani, akamkalisha kitini, akaweka cherehani kando yake. Kisha alimwonyesha nyumba waliyoijenga wenyewe.

"Mume wangu, pale paa linapotokeza, panaitwaje?"

Midomo ilihangaika weee.

"U... penu."

Mama aliinamia kitambaa machozi yasionekane.

Tangu hapo maneno yakaanza kurejea moja moja, lakini ya pembeni mwa nyumba tu. Chai hakuweza kuiomba. Mchirizi aliutaja, akishusha kidole hewani kuonyesha maji yanavyochirizika. Kwenye pembe ya ukuta aliweka vidole viwili kichwani kama ng'ombe, na mkewe akacheka kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie.

Asubuhi moja mkewe alimwonyesha kijiukuta kifupi kinachozunguka baraza.

"Ukingo," akajibu upesi. Lakini hakunyamaza. Alishika mkono wa kiti, jasho likamtoka. "Una... kinga. Ndiyo maana. Unakinga."

"Unakinga nini, mume wangu?"

"Mtoto. Asianguke."

Cherehani ilisimama. Zamani, kabla hawajawa na nyumba, walipanga chumba ghorofani, na roshani yake haikuwa na ukingo. Mtoto wao wa kwanza, binti aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alianguka kutoka pale. Siku ya mazishi yule bwana wa maneno tele alifunga mlango moyoni. Mkewe alijaribu kubisha hodi, akachoka, akaacha. Walizeeka pamoja, kila mmoja akimlilia mtoto peke yake.

Sasa mzee akalitaja jina la yule mtoto. Akalitaja lote, bila kukwama.

"Nilidhani umemsahau," mkewe akasema.

Alitikisa kichwa. Mkono wake mzima ukatafuta wa mkewe, wakalia pale uani mchana kweupe, majirani wakipita.

Kiharusi cha pili hakikuchelewa, na hicho hakikuacha kitu.

Baada ya maziko, mwana wao, aliyezaliwa baada ya msiba ule, alimkuta mama yake barazani, akadhani analia ujane.

"Pole, mama. Baba amepumzika."

"Kaa, mwanangu," akasema. "Ulikuwa na dada. Sikuwahi kukuambia, kwa sababu baba yako hakuweza kuvumilia kusikia akitajwa."

Kijana akakaa. Mama akaanza kusimulia, kwanza meno ya binti yule, mawili tu, ya chini.